Mwalimu Aliyehesabu Kuni za Roma

Kwa majuma kadhaa nilikosa usingizi kwa sababu ya swali moja: je, mtu anaweza kukuibia kumbukumbu na yeye mwenyewe asijue kwamba ameiba? Nikilala ubavu wa kulia nilijibu kwamba anaweza. Mzee wa watu, umri umekwenda, mambo yanamchanganyikia. Nikigeukia kushoto nilijibu kwamba hawezi, na kwamba mimi ni mjinga. Halafu nilianza kujishuku mwenyewe: huenda mimi ndiye niliyeyasikia kwake kwanza, nikasahau. Ndivyo nilivyo. Mtu akinitumia ujumbe wenye neno "sawa" peke yake, nashinda nikijiuliza nimemkosea nini.

Tulimwita Mwalimu, na hapa nitamwita hivyo hivyo. Alifundisha historia katika shule za sekondari za Toronto mpaka akastaafu, kisha akaendelea kufundisha bila mshahara wala mtihani, kila Jumamosi mchana, katika ukumbi wa chini wa kanisa moja Don Mills. Wasikilizaji wake walikuwa wastaafu, wengi wao Wagoa, wenye asili ya India, kutoka Kenya, Uganda na Tanzania, pamoja na vijana wachache kama mimi ambao kwa kweli tulivutwa kwanza na sambusa. Tulizungumza Kiswahili mpaka mtu akasirike. Akikasirika, ilikuwa Kiingereza.

Somo lake lilikuwa moja tu, kuni. Hakuzungumzia misitu ya Canada wala mkaa wa kwetu. Alizungumzia kuni za Warumi wa kale. "Wengine watawafundisha majemadari," alisema. "Mimi nauliza, uji wa jemadari ulipikwa kwa kuni gani?" Alitueleza mabafu ya umma yaliyokuwa na moto chini ya sakafu, ukiwaka mchana kutwa ili watu watokwe jasho kwa raha. Alitueleza tanuri za matofali, tanuri za chokaa, mikate, vyuma, maiti waliochomwa kwa heshima zote. Kila kitu katika mji ule kilikula miti. Alipokuwa akisimulia, macho yalimtoka na mikono ikaruka, na bibi mmoja wa Kampala aliyekaa mbele alizoea kusogeza kikombe chake cha chai mapema.

Chini ya hayo yote kulikuwa na swali lililomla yeye mwenyewe: Roma ilikuwa na watu wangapi? Wasomi hawajaafikiana. Wapo wanaosema walifika milioni, wapo wanaosema hawakufika hata karibu. Mwalimu aliamini kuni zingemaliza ubishi. Ukijua mji uliunguza kuni kiasi gani, na ukijua mtu mmoja anahitaji kiasi gani, unagawanya, basi. "Kila kichwa na mzigo wake wa kuni," alisema. Alilisema hilo mara nyingi hivi kwamba Anti, aliyekuwa akisimamia ukumbi na chai, akimwona anaingia na mkoba wake alinong'ona, "Haya, vichwa vimefika."

Anti alikuwa karani wa benki Mombasa zamani, na ndiye aliyeweza kumkatiza Mwalimu bila kuadhibiwa.

Kiangazi kimoja Mwalimu alitupeleka kwenye bustani iliyo bondeni, kando ya mto Don, tufanye jaribio. Alibeba jiko la kuchomea nyama, mfuko wa mkaa, sufuria ya maharage na mizani ya bafuni, ile ya kujipimia uzito. Alipima mkaa. Alipima maharage. Akataka kuwasha moto, akashindwa. Aliunguza kiberiti kizima huku akipuliza kama anayezima keki ya siku ya kuzaliwa.

"Mwalimu, hujawahi kuwasha jiko?" Anti alimuuliza.

"Kwetu Dar kulikuwa na mpishi," akajibu bila aibu. "Mimi sikujua hata kiberiti kilikaa wapi."

"Na ndiye unayetuhesabia kuni!"

Tulicheka, naye akacheka kutushinda sote. Anti akachana trei tupu la mayai, la karatasi, akalitia mafuta kidogo, na mkaa ukashika. Mlinzi wa bustani alikuja, akaitazama mizani, akauliza tunafanya nini. Mwalimu akamwambia kwa Kiingereza safi kwamba tunawahesabu Warumi. Yule kijana akamgeukia Anti kama mtu anayetafuta mtu mzima. "Mwache tu, mwanangu," Anti akamwambia kwa Kiswahili, na sijui kwa nini, kijana akaelewa, akaenda zake.

Mwalimu alikuwa mtu wa kutopatana na nafsi yake. Katika nyumba yake ya ghorofani, Crescent Town, aliishi kama mtawa: joto alilipunguza mpaka ukaona pumzi yako, akavaa koti ndani ya nyumba, akatuambia kwamba miji hufa kwa sababu ya watu wanaoona baridi haraka. Kisha alishuka, akawasha gari lake kuukuu refu kama basi, akaenda kununua maziwa katika duka linaloonekana kutoka dirishani kwake. Ukimuuliza, alisema gari likikaa bila kuwashwa linaharibika. Alichukia watu wanaochelewa na yeye mwenyewe alichelewa kila mara. Alisahau majina ya wajukuu wa rafiki zake, lakini alijua aina za miti iliyopendwa kwa kuezekea mahekalu.

Nami alinitendea mema mengi. Nisiposema hilo nitakuwa nimesema uongo. Nilipoingia chuo kikuu nilikuwa mtoto wa mtaa wa Downsview ambaye mama yake hupanga masanduku katika bohari, sikujua hata namna ya kumwandikia barua pepe mhadhiri. Mwalimu alisoma kila insha yangu. Aliandika pembeni kwa penseli, maneno makali, na mwishoni daima neno moja zuri. Siku ya mahafali yangu ya kwanza alikuja na kashida ya hariri, akamvisha mama. "Mama, huyu mtoto ana kichwa," akamwambia. Mama alilia hadharani, na mimi nikaona haya, na hadi leo sijapata kuwa na furaha kama ile.

Kwa sababu kila sentensi yangu ilianza na neno "huenda", alinibandika jina la Bi Huenda. Nilimpigia chapa mihadhara yake kwa kuwa vidole vyake vilikuwa vimekakamaa. Nilipotaka kuomba nafasi ya masomo ya uzamivu, jina la kwanza kati ya wadhamini wangu, wale wa kuniandikia barua za kunipendekeza, lilikuwa lake. Sikufikiria mara mbili, mimi ninayefikiria mara kumi kabla ya kuchagua maziwa.

Ukumbi wake ulikuwa na desturi. Mwenye wazo alisimama, akalitoa, na wengine wakajaribu kulivunja. "Tuvunje!" Mwalimu alisema, akipiga meza, na wastaafu wale wapole waligeuka simba. Wazo likisalimika, tangu siku hiyo lilikuwa letu sote. Kila mtu aliweza kulitumia popote, na hakuna aliyeulizwa limetoka kwa nani. Likivunjika, mwenyewe aliondoka nalo. "Chukua vipande vyako," Mwalimu alisema, na tukanywa chai.

Nilisimama siku moja nikiwa na karatasi yangu. Nilizaliwa Morogoro, na mpaka tulipohamia huku nikiwa mtoto wa darasa la sita, tuliishi katika nyumba ya kupanga: vyumba vinatazamana, ukumbi mrefu katikati, na uani majiko ya kila mpangaji. Niliwaambia kwamba uani pale hapakuwa na mtu aliyewasha moto wake peke yake. Wa kwanza kuamka aliwasha. Wengine walikuja na kipande cha bati, "Hodi, moto upo?", wakachukua makaa mawili matatu ya kuanzishia. Wali ukiiva, jirani aliteleka maharage yake kwenye jiko lile lile ili joto lisipotee. Maharage yakiiva, mwingine alichemsha maji ya kuoga mtoto. Mabaki ya makaa yaliingia kwenye pasi. Niliwatajia Mama Rehema, aliyempa kila mtu makaa lakini lazima baadaye umpelekee kijiko cha ulichopika, aonje.

"Huenda," nikasema, "na wapangaji wa Roma waliishi hivyo. Vyumba vingi vya ghorofani havikuwa na jiko la maana. Huenda tunakosea kugawanya kuni kwa vichwa. Moto mmoja unapita mikono mingi. Tuhesabu majiko, na tuulize kila jiko lililisha wangapi. Basi kuni zile zile zingetosha watu wengi kuliko anavyosema Mwalimu."

Kisha Mwalimu akasimama mwenyewe kulivunja, jambo ambalo kwa kawaida aliwaachia wengine.

"Hiyo ni hadithi, binti. Si historia."

"Lakini Mwalimu..."

"Warumi hawakuwa wapangaji wa Morogoro!"

Ukumbi ukacheka. Akaendelea, akaniuliza ushahidi uko wapi, nimesoma wapi kwamba Mrumi aliomba makaa kwa jirani, kama nataka kumpeleka Mama Rehema mbele ya jopo la watahini. Anti peke yake hakucheka. Alikuwa amesimama na birika, akaniangalia kama anayetaka kusema kitu, kisha akaendelea kumimina. "Chukua vipande vyako, Bi Huenda," Mwalimu akasema, na si kwa ubaya.

Nilivichukua. Nilirudi kwake mara mbili nyingine nikiwa nimeboresha hoja, na mara zote alinikatisha tamaa kwa upole zaidi, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. Akanishauri tasnifu yangu ya uzamili niiandike juu ya tanuri za chokaa. Niliandika juu ya tanuri za chokaa. Ilipita. Hakuna aliyeisoma akasisimka, hata mimi. Lakini lile wazo la majiko lilinikaa, na mwaka huu, nilipoanza kuandika ombi la uzamivu, ndilo nililoliandikia. Sikumwambia bado. Nilipanga nimwambie likishakuwa zuri, asiweze kulivunja.

Sasa nifike kwenye siku ile.

Jumuiya yetu ya watu wa Afrika Mashariki ilikuwa na mkutano wa mwaka, ukumbi mkubwa, kipaza sauti, familia nzima nzima, watoto wakikimbizana na kujibu wazazi wao kwa Kiingereza. Mwalimu alialikwa kutoa hotuba. Nilimleta mama, tukakaa safu ya nyuma. Safari hii hakunipa hotuba niipige chapa, na nilijiambia kwamba pengine anataka kunishangaza.

Alinishangaza.

"Nilipokuwa mtoto," alianza, "uani kwetu hapakuwa na mtu aliyewasha moto wake peke yake."

Akaendelea na kipande cha bati. Akaendelea na "Hodi, moto upo?", na akaisema vizuri, kwa sauti ya kike, watu wakacheka kwa kukumbuka. Wali, maharage, maji ya mtoto, pasi. Kisha akasema kwamba kwa miaka mingi wasomi wamekosea kugawanya kuni za Roma kwa vichwa, na kwamba yeye, kwa kukumbuka uani kwao, amegundua kinachotakiwa kuhesabiwa ni majiko. Na akamtaja Mama Rehema. Kwa jina. Mama Rehema aliyenifuta kamasi, akaonja mboga yetu, akafa sisi tukiwa huku, hatukumzika. Alimwita "jirani yetu kipenzi".

Watu walisimama kumpigia makofi. Mama akaniinamia sikioni, uso wake umejaa mshangao mzuri kabisa.

"Kumbe na yeye alimjua Mama Rehema?"

Tulipokuwa kwenye basi la kurudi Downsview, akaelewa mwenyewe. Nilimwona akielewa. Aliifungua kashida ya hariri shingoni, akaikunja vizuri, akaiweka kwenye mkoba. "Muulize tu," akasema. "Labda amesahau." Na hapo ndipo ugonjwa wangu wa kugeuka kulia na kushoto ulipoanza.

Nilichokuwa nakipoteza kilikuwa wazi. Ombi langu lilitakiwa mwisho wa mwezi ule. Nikilituma kama lilivyo, mdhamini wangu wa kwanza angelisoma na kuona hotuba yake. Nikilibadilisha, ningerudi kwenye chokaa maisha yangu yote. Na baada ya majuma kadhaa Mwalimu akanipigia simu, sauti yake changamfu: kuna watu wanatengeneza kitabu cha makala, wanaitaka hotuba ile. "Njoo unipigie chapa, Bi Huenda. Wewe ndiye unayeujua mwandiko wangu."

Nilikwenda alasiri. Theluji ya Crescent Town ilikuwa imeshageuka tope. Nilipanda lifti nikiwa nimejiandalia maneno ya kuanzia, na mlango ulipofunguka yote yakanitoka.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, binti. Usivue koti, unajua nyumba yangu."

Aliweka chai mezani na kurasa zake kando ya chai. Sikuzigusa.

"Mwalimu, Mama Rehema ni nani?"

Alikoroga sukari muda mrefu. "Jirani."

"Wa nani?"

"Wetu. Kule Upanga, Dar."

"Upanga mlikuwa na mpishi."

"Mpishi naye alikuwa na majirani zake," akasema. "Nyuma kule, kwenye vyumba vya watumishi. Niliona. Nakumbuka moshi."

Nilikaribia kukubali. Kichwa changu kilikimbilia huko mara moja: kweli, mpishi naye alipika, naye aliomba moto, huenda kila uani kulikuwa na Mama Rehema wake. Mdomo wangu ndio uliouliza, mimi nikiwa bado nafikiria.

"Mpishi wenu aliitwa nani?"

"Nani?"

"Mpishi."

Akafungua kinywa. Akatazama dirishani. Nilimsubiri, na nilitamani kwa moyo wote alitaje, jina lolote, hata la kubuni.

"Tulimwita boi," akasema mwishowe. "Sote tulimwita boi tu."

Basi nikajua. Na nadhani naye alijua, kwa sababu alisukuma kikombe mbali na sauti ikabadilika.

"Wazo lile ulilitupa," akasema. "Wewe mwenyewe. Uliliacha chini ukaenda kuandika chokaa."

"Uliniambia nilitupe."

"Na ukakubali! Mwenye wazo analipigania. Wewe unapigania nini? Huenda, huenda, huenda." Alikohoa. "Unadhani ni rahisi kwangu? Miaka yote nimepima mkaa kama mwendawazimu, hesabu haikai. Halafu siku moja nakaa hapa, naona mtoto niliyemfanya achekwe na ukumbi alikuwa sahihi. Unajua inavyouma?"

"Ungesema hivyo tu, Mwalimu. Ungesema hivyo hivyo, ningefurahi mpaka kufa."

Alizipanga upya kurasa zake.

"Lingesalimika siku ile lingekuwa letu sote," nikasema. "Nisingekuwa na neno. Lakini ulilivunja mwenyewe, ukaniambia nichukue vipande vyangu. Kwa sheria yako, ni langu. Na hata lingekuwa letu sote, uani si petu sote. Pale ni kwa mama yangu."

"Nani angekusikiliza?" akauliza, si kwa dharau. Aliuliza kama anayenihurumia. "Mimi nikisema, wanasikia. Nimelipatia wazo lako miguu."

"Basi sema Jumamosi ukumbini kwamba limetoka kwangu. Sentensi moja. Nitakupigia chapa kitabu kizima."

Alifikiria. Namshukuru kwamba alifikiria. Kisha akatikisa kichwa. "Watu wameshasikia, binti. Nikirudi nyuma sasa watasema nimezeeka. Sina kingine nilichobakiza."

Nilimtazama ndani ya koti lake, pumzi ikimtoka nyeupe, na nikamwonea huruma kiasi cha kutaka kuvuta zile kurasa na kuanza kupiga chapa. Huruma ile ilikuwa ya kweli. Hata sasa ninayo. Lakini mama alikuwa amekunja ile kashida, na tangu siku ile hajaivaa.

Nikatoa simu, nikaiweka mezani kati yetu, nikampigia Anti kwa kipaza sauti ili naye asikie. Mwalimu hakunizuia.

"Anti, shikamoo. Niko kwa Mwalimu. Nataka kusema jambo naye anasikia. Habari ya makaa aliyoitoa kwenye mkutano ni ya kwetu Morogoro. Niliisimulia mimi, ukumbini kwako, akaivunja."

Nilisikia maji yakichemka upande wake.

"Nilikuwepo, mwanangu," Anti akasema. "Ile siku nilikuwa na birika mkononi. Wengi tulikuwepo. Alipoanza tu kusema, tuliangaliana."

"Na mkapiga makofi?"

"Tulidhani mmekubaliana."

Mwalimu alikuwa ameinamisha uso kwenye viganja vyake. Niliinuka.

"Hatukukubaliana, Anti," nikasema. "Jina lake nalitoa kwenye ombi langu leo hii, na ombi nalituma lilivyo. Na Jumamosi naomba nafasi yake pale mbele. Nitakuja na mama. Nitawaambia wote waliokuwepo maneno yale yalitoka wapi, na kwamba walijua."

"Na Mwalimu akija, je?"

"Atakaa asikilize."

Nililituma ombi siku ile ile. Jumamosi tukaenda, mama na mimi, na Mwalimu naye alikuwepo, safu ya nyuma, na koti lake. Nikawaambia.